Kumwambia mwenye biashara ndogo azime simu hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie nasaha ambayo siku hizi hurudiwa mno magazetini, redioni na katika semina za ujasiriamali, kwamba mtu akichoshwa na kazi basi dawa yake ni kuzima simu jioni na kuiacha kazi kazini. Sina ugomvi na nia ya wanaoitoa, kwa kuwa mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliochoka. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba anayeshindwa kuiacha kazi ameshindwa kwa udhaifu wa nafsi au kwa tamaa ya fedha. Miaka 12 ya kuendesha duka dogo la uchapaji, lenye kompyuta mbili, printa tatu, mashine moja ya kudurufu na msaidizi mmoja, imenifundisha kwamba kinachomnyima mtu kama mimi mapumziko ni namna alivyovipanga vifaa vyake vya kazi, na kwamba mpangilio huo usipobadilika, nia njema aliyokuwa nayo saa kumi na mbili jioni haitafika saa mbili usiku.

Tuanze na simu yenyewe. Kwa mtu aliyeajiriwa, simu ni njia ambayo mkuu wake humfikia. Akiizima, ofisi itabaki imesimama na wengine watashika zamu. Kwa mwenye biashara ndogo, kifaa hicho kimoja ndicho kaunta, daftari la oda, kabati la sampuli, ubao wa matangazo, faili la risiti na, kwa wengi wetu, sanduku la fedha. Kukizima ni kufunga duka, kuficha daftari na kuondoka na funguo zote kwa wakati mmoja. Zamani kufuli mlangoni lilijieleza lenyewe: mteja alilikuta, akageuka, akarudi kesho yake, wala hakumhesabia mwenye duka kosa lolote. Simu haina kufuli linaloonekana. Anayetuma ujumbe saa nne usiku haoni mlango uliofungwa. Anaona mtu asiyejibu. Tena tangu Novemba 2014, WhatsApp ilipoanza kuonyesha alama mbili za buluu pindi ujumbe unaposomwa, hata kule kusoma tu kumegeuka kuwa namna ya ahadi. (Najua kwamba alama hiyo inaweza kuondolewa katika mipangilio. Mteja naye anajua, na akigundua kuwa umeiondoa huwa na tafsiri yake.)

Hata hivyo, simu ni nusu tu ya tatizo, na pengine nusu iliyo nyepesi. Nusu nyingine ilinifunukia siku ya harusi ya mpwa wangu, miaka mitatu iliyopita, nilipomwachia msaidizi wangu duka kwa siku moja tu huku nikiwa nimejiapiza kutogusa kazi. Kabla bwana harusi hajaingia ukumbini simu ilikuwa imekwisha kuita mara 9, na mara zote 9 nilitoka nje kuipokea, hadi dada yangu akaacha kunitafuta kwa ajili ya picha za familia. Usiku nilipoketi na kuzikumbuka simu zile moja baada ya nyingine, niliona aibu. Umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta ikadai nywila ambayo niliijua mimi peke yangu. Printa iliandika maneno ya Kiingereza kwenye kioo chake kidogo, naye kijana akaogopa kubonyeza chochote. Tona ya akiba nilikuwa nimeiweka nyuma ya marundo ya karatasi bila kumwambia. Namba ya fundi ilikuwa ndani ya simu yangu. Mteja mmoja alifika akisema kwamba faili lake alinitumia tangu juzi, na kweli alikuwa amenitumia, ila lilikuwa kwenye simu yangu na si kwingineko. Mwingine alisema amekwisha kulipa, na ushahidi wa malipo hayo nao ulikuwa mfukoni mwangu, harusini.

Hapakuwa na simu hata moja kati ya zile iliyohitaji ujuzi wangu wa miaka yote hiyo. Zilihitaji karatasi mbili zilizoandikwa vizuri na kuachwa kwenye droo. Nilikuwa nimejigeuza kuwa kipuri cha mashine zangu mwenyewe, tena kipuri kisicho na akiba. Na nikiri jambo jingine ambalo si rahisi kulikiri mbele ya wasomaji: kwa muda mrefu nilikuwa nikifurahia hali hiyo. Kuitwa mara kwa mara humpa mtu hisia kwamba bila yeye hakuna kinachokwenda, na hisia hiyo ni tamu kuliko usingizi, angalau kwa miaka michache ya mwanzo.

Suala la lugha linastahili neno moja zaidi. Mashine nyingi tunazotumia huja na vitabu vya maelezo na ujumbe wa hitilafu katika lugha za kigeni, na hata pale ambapo msaidizi amesoma, maneno ya kifundi si yale aliyoyazoea. Matokeo yake ni kwamba ujuzi wa mashine hukaa kichwani mwa mtu mmoja aliyebahatika kufundishwa na fundi siku ya kuinunua, na mtu huyo hawezi kusafiri wala kuugua. Wauzaji wa vifaa wangetusaidia sana kama kila printa, kila cherehani ya umeme na kila mashine ya kusaga ingetoka dukani na karatasi moja ya Kiswahili sanifu inayoeleza taa ipi ina maana gani, kipi kinaweza kuguswa na mtumiaji na kipi lazima kimsubiri fundi. Haitawagharimu kitu kikubwa. Mimi niliiandika yangu kwa mkono katika jioni mbili, nikaiwekea picha nilizopiga mwenyewe, na simu za dharura zikapungua tangu wiki ile ile.

Wako watakaosema kwamba matatizo haya ni ya wadogo wasio na utaratibu, na kwamba wakubwa wameyatatua. Si kweli. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takribani saa sita kutokana na hitilafu iliyotokea ndani ya kampuni hiyo yenyewe wakati wa kazi ya matengenezo ya mtandao wake. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5, ndege zikabaki viwanjani, hospitali na benki zikarudi kwenye kalamu na karatasi, na nyingi ya kompyuta hizo zikahitaji mtu azifikie na kuzitengeneza moja baada ya nyingine. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao wana idara nzima ya kukesha kwa niaba yao, ilhali katika biashara ndogo idara hiyo ni mwenye duka mwenyewe, baada ya chakula cha usiku.

Siku ile ya Oktoba 2021 naikumbuka kwa sababu nyingine pia. Saa ya kwanza nilihangaika, nikaizima simu na kuiwasha, nikaitoa laini na kuirudisha, nikamlaumu kila mtu. Kufikia saa ya tatu nilikuwa nimetulia kwa namna ambayo sikuwa nimetulia kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza ukimya wangu haukuwa kosa langu na kila mteja alilijua hilo. Hapo nilielewa kwamba sikuwa nikiogopa kupoteza oda za usiku, ambazo kwa hesabu ni chache. Nilikuwa nikiogopa kudhaniwa mzembe. Lakini utulivu huo ulikuwa na doa: anwani na namba za wateja wangu wengi zilikuwa ndani ya mazungumzo yale tu, na kama huduma ile isingerudi, ningekuwa nimepoteza kumbukumbu ya biashara nzima.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu wanaotushauri kuzima simu hupenda kutaja nchi za wenzetu. Ufaransa iliweka haki ya mfanyakazi kujitenga na mawasiliano ya kazi kuanzia tarehe 1 Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 kujadiliana nao kuhusu jambo hilo. Ureno ilifuata mwaka 2021 kwa kumkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko, isipokuwa katika hali isiyozuilika. Australia ilianza tarehe 26 Agosti 2024, na ikaziacha biashara zenye wafanyakazi chini ya 15 zijiandae kwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 26 Agosti 2025. Ni hatua nzuri, na kule kutenga mwaka mzima kwa ajili ya wadogo kunaonyesha kwamba watunga sheria wa Australia walitambua jambo ambalo washauri wetu hawalitambui: katika biashara ya watu wachache, kumruhusu mmoja asipokee simu ni lazima kutanguliwe na maandalizi.

Ila sheria zote hizo humlinda aliyeajiriwa dhidi ya mwajiri wake. Mwenye biashara ndogo hana wa kumshtaki. Wala jambo hili si jipya: Mkataba Namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919 kuweka ukomo wa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani, uliziacha nje tangu mwanzo shughuli ambazo wanaofanya kazi humo ni watu wa familia moja tu. Zaidi ya miaka 100 imepita na kundi hilo bado linajihesabia saa lenyewe, yaani halizihesabu kabisa. Na mwili hauulizi kama aliyefanya kazi ni mwajiri au mwajiriwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee, na kwamba anayefikisha saa hizo ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takribani asilimia 35, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Nilipozihesabu saa zangu kwa uaminifu, pamoja na zile za kujibu ujumbe kitandani, nilipata 71.

Tena hapa yafaa tujikosoe. Mimi ninayelalamika kuhusu wateja wa saa nne usiku ndiye niliyekuwa nikimtumia msaidizi wangu ujumbe wa sauti saa tano, nikimwambia asijibu hadi asubuhi, kana kwamba ujumbe uliokwisha kusikilizwa unaweza kuwekwa kando hadi jua litoke. Yeye hakulalamika hata siku moja. Mama yake ndiye aliyeniambia.

Nilichokibadilisha si kikubwa, na sidai kwamba kinamfaa kila mtu. Kwanza niliitenga laini ya kazi na kuiweka katika simu nyingine ya bei nafuu ambayo hailali nyumbani kwangu; hulala dukani, kwenye chaji. Katika simu hiyo nilitumia WhatsApp Business, ambayo ipo tangu mwaka 2018 na humwezesha mtu kuonyesha saa zake za kazi na kuweka jibu linalojituma lenyewe anapokuwa hayupo. Jibu langu humwambia mteja lini atajibiwa, na kwamba faili alilolituma limefika salama. Kipande hicho cha pili ndicho kilichonisaidia zaidi. Wateja wengi wanaotuma kazi usiku hawataki ichapwe usiku. Wanataka kuiondoa kichwani mwao ili nao walale, na pale wanapojua kuwa imefika, hawapigi tena.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya mashine, kwa maana nilitambua kwamba hofu iliyokuwa ikiniamsha alfajiri haikuwa ya wateja bali ya kuharibikiwa. Nilianza kuweka daftari la kila mashine: imesafishwa lini, roli imebadilishwa lini, imekwisha kuchapa kurasa ngapi, fundi alisema nini. Karatasi nikazihamishia mahali pakavu, kwa kuwa karatasi iliyofyonza unyevu hujikunja na kukwama, na nusu ya yale niliyokuwa nikiyaita maradhi ya printa yalikuwa maradhi ya karatasi. Betri ya akiba ya kompyuta, ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano na kisha hufa kimyakimya bila kumwambia mtu, niliiandikia tarehe juu yake kwa kalamu nene. Kazi za wateja sasa zina nakala tatu, mbili katika vifaa tofauti na moja nje kabisa ya duka, kama mafundi wa kompyuta wanavyoshauri tangu zamani. Hata mapumziko yenyewe yalihitaji utaratibu: printa za wino wa maji zikikaa siku nyingi bila kutumika, vitundu vyake huziba, kwa hiyo anayefunga kwa muda mrefu lazima aache mtu wa kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, la sivyo atarudi kutoka likizoni moja kwa moja hadi kwa fundi.

Mwisho, nilimkabidhi msaidizi funguo. Hapa ndipo wenzangu wengi husita, na sababu wanazozitoa si za kipuuzi. Wapo walioibiwa, wapo waliomfundisha kijana kila kitu, naye akaenda kufungua duka lake hatua chache kutoka lao, akiwa na namba za wateja wote. Siwezi kuwaambia kwamba hayo hayatokei. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuuchukulia uaminifu kama mlango mmoja, ama umefunguliwa wote ama umefungwa wote, ilhali vifaa vya leo vinaruhusu milango mingi midogo. Anayepokea oda hahitaji kujua namba ya siri ya fedha. Kompyuta inaweza kuwa na akaunti yake, yenye nywila yake, isiyofungua hesabu za duka. Ujumbe wa malipo unaweza kufika kwenye simu ya dukani bila simu hiyo kuwa na uwezo wa kuzitoa fedha. Kuyapanga haya huchukua siku moja ya kazi, na kwa wasiojua, fundi wa kompyuta wa kawaida anaweza kuyafanya huku mwenyewe akitazama.

Kuhusu wateja, tumekaririshwa kwamba mteja ni mfalme, na mimi sipingi, ila hata mfalme hana budi kumwacha mpishi wake alale kama anataka kula kesho. Nilipotangaza saa zangu mpya nilipoteza wateja wawili ninaowakumbuka. Mmoja alirudi baada ya miezi miwili, akaniuliza iwapo bado ninafunga mapema, nikamjibu kwamba ndiyo, akatoa kazi yake mkobani.

Ningependa kuwaomba wanaoandaa mafunzo kwa wenye biashara ndogo, ambao kwa miaka mingi wametufundisha kuandika mchanganuo wa biashara, kutunza hesabu na kujitangaza mtandaoni, waongeze somo la namna ya kufunga duka: nani ana nywila, nani anajua mashine, nakala ziko wapi, na nini kitaendelea kama mwenye duka hatapatikana kwa siku 3. Hata wanaotukopesha fedha za kununua mashine wangeweza kuuliza maswali hayo kabla ya kuuliza kuhusu dhamana, kwa kuwa biashara inayosimama mwenyewe anapougua ni deni la mashaka hata kama mashine zake ni mpya.

Kuna swali moja ambalo sijalipatia jibu, na ndilo hasa lililonisukuma kukuandikia. Mimi nina msaidizi. Nawafahamu wengi wasio naye: mshonaji aliye peke yake na cherehani yake, mpiga picha mwenye kamera moja, fundi simu ambaye simu yake mwenyewe ndiyo duka lake. Kwao hakuna wa kuachiwa daftari wala funguo, na karatasi kwenye droo haina wa kuisoma. Nimesikia kwamba baadhi yao hufanya mapatano na mwenzao wa kazi ile ile, huyu akipumzika yule anapokea oda zake kisha wanagawana, lakini sijakutana na aliyefanya hivyo kwa muda mrefu bila kugombana. Iwapo yupo miongoni mwa wasomaji wako, naomba atuandikie waligawanaje.

Wasalaam,

Msomaji wako, mwenye duka la uchapaji